CHAI YA VIUNGO: TUITENGENEZE WENYEWE, KUANZIA KIUNGO KIZIMA

Somo la vikundi vya kujisaidia, Mwala



Somo letu safari hii linahusu kitu ambacho kila nyumba ya Mwala inakijua, nacho ni chai. Iwe ni mkutano wa kikundi kule Masii, mwethya wa kuchimba matuta Kibauni, harusi Wamunyu au matanga Mbiuni, wageni wakifika sufuria huwekwa jikoni. Na siku hizi wengi wetu tunapenda kutia chai masala, ili chai iwe na harufu nzuri na joto la kifua.

Basi tujiulize. Ule unga wa kahawia tunaonunua, ndani yake mna nini hasa? Nani aliusaga, na viungo vyenyewe vilikuwa katika hali gani kabla ya kusagwa? Wengi wetu hatuwezi kujibu. Lakini kikundi kinachonunua viungo vizima na kuvisaga chenyewe kinaweza kujibu maswali hayo yote. Hilo ndilo tunalotaka tulishike leo: kiungo kizima kinajionyesha, unga unaficha.

Mwisho wa somo hili kila mwanachama aweze (1) kutambua kiungo kizuri na kibaya, (2) kukausha, kusaga na kuchanganya chai masala, (3) kupika chai isiyokatika maziwa, na (4) kupiga hesabu ya gharama bila kudanganyika.

1. VIUNGO HIVI VIMETOKA WAPI?

Wengine husema chai ni kinywaji cha kienyeji. Kumbe si cha zamani sana kwetu. Mchai ulipandwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka wa 1903, kule Limuru. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, likaundwa shirika la KTDA la kusimamia chai ya wakulima wadogo. Hata neno lenyewe masala tumelipata kwa Wahindi. Wengi wao walikuja wakati wa kujengwa kwa reli iliyotoka Mombasa, ikapita Ukambani na kufika Nairobi mwaka wa 1899. Wengine walifungua maduka, na desturi ya kuchemsha chai pamoja na maziwa na viungo ikaenea.

Viungo vyenyewe vinatoka mbali na karibu. Karafuu inajulikana sana kutoka Unguja na Pemba. Iliki hulimwa katika milima ya Usambara, Tanzania, na pia India na Guatemala. Tangawizi hulimwa kwa wingi huko Same, ng'ambo ya mpaka wetu. Hapa Mwala ukame hauturuhusu kupanda iliki wala karafuu, kwa sababu zinataka mvua nyingi. Lakini mchaichai unamea vizuri ukimwagiwa maji tuliyooshea mboga. Hata tangawizi inaweza kukua ndani ya gunia kivulini, karibu na jikoni, mradi upate maji na uvumilie miezi minane hadi kumi.

2. KWA NINI TUSIAMINI UNGA OVYO?

Sisi watu wa Ukambani hatuhitaji kufundishwa kwamba chakula kinaweza kuua. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliwatia watu sumu ya aflatoksini, hasa katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Kufikia Julai mwaka huo watu 317 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 125 kati yao wakafa. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Na sumu ile haiondoki kwa kuchemsha.

Kuvu ya namna hiyo haichagui mahindi peke yake. Tangawizi, pilipili na kungumanga zikikaushwa vibaya huota kuvu vilevile. Ukiwa na kipande kizima utaona ukungu mweupe, wa kijani au mweusi, au utasikia harufu ya uvundo, nawe utakitupa. Kikisha kusagwa na kuchanganywa na karafuu yenye harufu kali, utajuaje?

Kuna hatari nyingine pia. Mwaka wa 2023 huko Marekani watoto wengi walipatikana na madini ya risasi katika damu baada ya kula rojo la matunda lililotiwa mdalasini wa unga. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi ilikuwa katika mdalasini ule. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Ikiwa mambo hayo yametokea katika nchi yenye maabara nyingi, sisi tuna sababu zaidi ya kununua kitu tunachoweza kukiangalia kwa macho yetu.

Hatusemi kila muuza masala ni mdanganyifu. Tunasema kazi hii iko ndani ya uwezo wetu, na inatupunguzia mashaka.

3. JINSI YA KUTAMBUA KIUNGO KIZURI

Mkienda sokoni, wawili waende pamoja na wasione haya kuuliza na kunusa. Waangalie hivi:

Iliki. Chagua iliyo bado ndani ya ganda lake la kijani, lililofunga. Mbegu ndani ziwe nyeusi na zinate kidogo. Ganda jeupe lililopasuka na lisilo na harufu ni la zamani.

Karafuu. Ibonyeze kwa ukucha, itoe mafuta. Tia chache katika glasi ya maji. Karafuu nzuri huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea imelala.

Pilipili manga. Hapa kuna ujanja wa zamani, kuchanganya na mbegu kavu za papai. Tia kijiko kimoja katika maji. Pilipili nzima nzito huzama. Zinazoelea huwa mapepe, au mbegu za papai. Ukitafuna moja na isiwashe, basi umejua.

Mdalasini. Kuna wa aina mbili. Mmoja ni mwembamba, maganda mengi yaliyojiviringisha pamoja kama karatasi, nao huvunjika kwa urahisi. Mwingine ni ganda moja nene na gumu, nao ndio wa bei nafuu. Wote wanafaa kwa chai. Lakini ule mnene una kitu kiitwacho kumarini, ambacho kikizidi sana kinaweza kudhuru ini. Kwa hiyo tusiutie kwa mikono miwili.

Tangawizi kavu. Ivunje. Ikatike kwa mlio kama kijiti kikavu. Ikipinda, bado ina maji, na hiyo itaota kuvu ndani ya chupa.

4. KUKAUSHA TANGAWIZI

Tangawizi mbichi ni maji matupu karibu yote. Kilo 5 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Hesabu hiyo ikumbukwe wakati wa kulinganisha bei.

(a) Ioshe vizuri, ikwangue ngozi, uikate vipande vyembamba kama unene wa shilingi mbili zilizobebana.

(b) Vitandaze juu ya wavu au kitanda cha fito kilichoinuliwa, vifunikwe na kitambaa chembamba safi. Visilazwe chini kamwe. Kuvu inaishi udongoni, na kuku nao hawana adabu.

(c) Vigeuze mara mbili kwa siku. Jioni viingize ndani kabla ya umande.

(d) Baada ya siku nne hadi sita za jua kali, jaribu kuvunja. Visipotoa mlio, virudishe juani.

Miezi mizuri kwetu ni Januari na Februari, tena Septemba kabla ya mvua za vuli. Julai, wakati wa baridi na mawingu, kazi hii huharibika. Kipande chochote kilichoota ukungu kitupwe kizima. Usikwangue ukungu ukabakiza kingine.

5. KUSAGA NA KUCHANGANYA

Kwa kilo moja ya chai masala tumia:

Tangawizi kavu – gramu 400
Mdalasini – gramu 250
Iliki na maganda yake – gramu 200
Pilipili manga – gramu 100
Karafuu – gramu 50

Ukitaka kidogo cha nyumbani, gawanya kila kiasi kwa kumi. Na kama hakuna mizani, saga kila kiungo peke yake kisha upime kwa kijiko kimoja hichohicho: nane, tano, nne, mbili, moja. Haitakuwa sawa kabisa na mizani, lakini ladha itakaribia. Watoto wakifundishwa kuimba hizo namba hawatasahau. Anayependa kungumanga akune robo ya punje moja kwa mchanganyiko wa gramu 100, asizidishe. Kungumanga nyingi ni sumu.

Hatua ni hizi:

(a) Nawa mikono. Kinu, mchi na chujio viwe vikavu kabisa.

(b) Pasha viungo moto katika sufuria kavu, moto mdogo, dakika mbili au tatu, ukikoroga. Lengo ni kuondoa unyevu wa mwisho. Vikianza kutoa moshi umevichoma, na chai itakuwa chungu.

(c) Viache vipoe kabisa. Kiungo cha moto kikifungiwa hutoa jasho, na jasho hilo ndilo maji ya kuotesha kuvu.

(d) Twanga mdalasini na tangawizi kwanza kwa sababu ni vigumu. Halafu iliki, pilipili manga na karafuu. Chekecha. Makapi yatwangwe tena. Yaliyobaki yachemshwe katika chai ya siku hiyo, yasipotee.

(e) Tia katika chupa kavu yenye kifuniko kinachokaza, uandike tarehe. Weka mbali na jiko na mwanga wa jua.

Tusitumie mashine ya kusagia mahindi. Mabaki ya unga yataingia katika masala yetu, na ugali wa jirani utanuka karafuu. Tena tusage kidogo kidogo. Harufu ya kiungo ni mafuta yanayoruka hewani. Kiungo kizima hukaa mwaka na zaidi kikiwa kikavu, lakini unga hupoteza nguvu baada ya miezi mitatu hivi.

6. KUPIKA CHAI YENYEWE

Kwa vikombe vinne: maji vikombe 2, maziwa vikombe 2, majani vijiko vidogo 2, masala nusu kijiko kidogo. Kwa mkutano wa vikombe arobaini: maji 20, maziwa 20, majani vijiko vidogo 20, masala vijiko vidogo 5.

Kwanza chemsha maji. Tia masala, funika, yachemke dakika tatu. Kufunika kunatunza harufu na kuni pia. Tia majani, yachemke dakika mbili. Halafu tia maziwa, uyaache yapande na kuchemka vizuri. Mwisho sukari, kisha chuja.

Akina mama wengi huuliza, mbona chai ya tangawizi mbichi inakatika maziwa? Sababu ni kwamba tangawizi mbichi ina kitu ndani yake kinachogandisha maziwa. Moto unakiua. Kwa hiyo tangawizi mbichi iliyopondwa ichemshwe katika maji peke yake dakika tano au zaidi kabla ya maziwa kuingia. Ukifuata mpango huo, na maziwa yenyewe yakiwa hayajaanza kuchacha, chai haitakatika.

Maziwa ya ng'ombe au mbuzi wetu lazima yachemke kweli, si kupashwa tu. Ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe huweza kupitia katika maziwa mabichi.

Kuhusu sukari, iliki na mdalasini hufanya ulimi uone utamu zaidi. Punguza nusu kijiko, baada ya wiki mbili punguza tena. Ndugu zetu wenye kisukari watashukuru, na mfuko wa kikundi pia.

7. CHAI NA DAMU YETU

Hapa tuombe msikilize kwa makini. Chai ni nzuri, lakini ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika ndengu, kunde, maharagwe na mboga za majani. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Sisi tunategemea nafaka na mikunde zaidi kuliko nyama, kwa hiyo tunaumia zaidi.

Basi tufanye nini? Tule kwanza, tungoje saa moja au zaidi, ndipo tunywe chai. Pamoja na muthokoi au ndengu tule chungwa, papai au embe, kwa sababu matunda hayo husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Mama mjamzito asimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai, ameze kwa maji. Mtoto mchanga asipewe chai. Mtoto mdogo anayeshibishwa chai na mkate hapati nafasi ya uji na maziwa yanayomjenga. Na mwenye vidonda vya tumbo apunguze pilipili manga na tangawizi.

Kuna vikundi vinavyotoa chai katikati ya chakula cha mchana cha mwethya. Vinaweza kubadili ratiba tu: chai saa nne asubuhi, chakula saa saba. Haigharimu hata senti.

8. HESABU YA KIKUNDI

Bei ya soko hubadilika, kwa hiyo namba zinazofuata ni za mfano tu. Tuseme viungo vya kilo moja ni Sh 2,000, nauli Sh 200, vifuko Sh 80. Jumla Sh 2,280. Kikundi kinasema, "Gramu 1,000 gawanya kwa 50, tuna vifuko 20, kila kimoja kimetugharimu Sh 114." Kinauza kwa bei hiyo kwa wanachama.

Lakini katika kutwanga na kuchekecha gramu 50 zimepotea. Vifuko ni 19, si 20. Mara 114 ni Sh 2,166. Kikundi kimepoteza Sh 114 na hakielewi zilikokwenda. Hapo ndipo minong'ono juu ya mweka hazina huanza, na huenda hakuiba chochote. Hesabu sahihi ni Sh 2,280 kugawanywa kwa 19, yaani Sh 120. Ndipo muongeze jasho la waliotwanga. Pimeni baada ya kusaga, si kabla.

Kifuko kimoja cha gramu 50 kinatosha vikombe kama 200. Kikundi chenye mkutano wa vikombe arobaini kitakitumia mikutano mitano.

Anzeni kwa matumizi yenu wenyewe. Mkitaka kuuza dukani au sokoni, mwoneni kwanza afisa wa afya ya umma wa eneo lenu juu ya usafi na vyeti vya wanaoshika chakula, na mwulizie kibali cha shirika la ubora wa bidhaa, KEBS. Msitie unga wa mahindi wala rangi ili uzito uongezeke. Mithali 11:1 inatuambia Bwana anachukia mizani ya hila. Masala iliyoghushiwa ni mizani ya hila ndani ya kifuko.

9. MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika nyumba zetu, chai hunywewa saa ngapi, na chakula huliwa saa ngapi? Tunaweza kubadili nini wiki hii?

2. Nani katika kikundi ana mahali pazuri pa kukaushia palipoinuliwa, kuku na mbuzi wasipofika?

3. Kifuko kikigharimu kikundi Sh 120, tuongeze kiasi gani ili waliotwanga walipwe haki yao?

4. Ni nani watakaonunua viungo, na ni nani watakaovikagua vikifika? Wasiwe watu walewale.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Kila mmoja alete karafuu tano na punje kumi za pilipili manga kutoka duka analonunulia kwa kawaida. Leteni glasi mbili za maji. Mtazame pamoja zipi zinazama na zipi zinaelea, katibu aandike. Halafu kikundi kiamue kitanunua wapi.

Mdalasini ulitiwa katika mafuta matakatifu ya upako, kama tunavyosoma katika Kutoka 30. Viungo vile vilipimwa kwa uzani, kila kimoja kwa kiasi chake. Nasi tupime vyetu kwa uaminifu, tuvikaushe vizuri, na anayekunywa kikombe chetu akinywe bila wasiwasi.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.